Bodi moja, imeji tatu: kwa nini Linux kwenye ARM inabadilika distro kwa distro?

mtambo_mdogo

Wakuu, salamu. Bodi ni ya RK3588 (chipu ya Rockchip), RAM GB 8. Chaja haibadiliki, skrini ya HDMI haibadiliki, kebo haibadiliki. Nikibadilisha imeji kwenye kadi ya SD tu, naona hivi:

– Imeji ya mtengenezaji wa bodi (Debian 11, kerneli, yaani kiini cha Linux, 5.10.110): HDMI, Wi-Fi, sauti na video ya 4K vyote viko sawa.
– Armbian (distro ya bodi za ARM), tawi la edge: skrini inawaka na desktop ni nyepesi, ila Wi-Fi haionekani kabisa na video ya 4K inamaliza CPU.
– Debian 13 (kerneli 6.12, U-Boot nimeiweka mwenyewe): skrini nyeusi mwanzo hadi mwisho, lakini kwa waya wa mtandao naingia kwa SSH bila shida.

Kwenye kompyuta ya Intel unachukua distro yoyote (mkusanyiko wa Linux, kama Debian au Fedora), unaichoma kwenye flashi, unawasha, kazi imekwisha. Huku mbona kila distro ina lake? Halafu, nikichukua moduli (mafaili ya draiva) na lile faili la .dtb kutoka imeji ya mtengenezaji nikaviweka kwenye Debian 13, si tatizo limeisha?

kiraka_na_uzi

Hilo la mwisho usilifanye mkuu, nitakueleza kwa nini hapo chini.

Jaribu kuusoma ujumbe wako upya ukiwa umefuta majina ya distro. Kinachobaki ni vitu vinne: kerneli imejengwa kutoka msimbo wa nani, mti wa vifaa (device tree, faili la .dtb linaloiambia kerneli bodi ina nini) ni upi, femwea (programu zinazoendeshwa ndani ya vifaa vyenyewe) zipi zimewekwa, na butiloda (programu inayoiwasha kerneli, kama U-Boot) ni ipi. Tofauti zote tatu ulizoziona zinatoka humo. Debian ya mtengenezaji na Debian 13 zina jina moja, lakini kwenye hivyo vinne hazina undugu.

Kompyuta ya Intel ikiwaka, UEFI (programu ya kuwashia iliyomo ndani yake) inaikabidhi kerneli majedwali ya ACPI yanayosema kuna nini na kiko wapi. Kadi ya mtandao, kadi ya picha na diski za NVMe ziko kwenye basi la PCI, na kila kifaa kwenye basi hilo kikiulizwa kinajitaja kwa namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa. Kerneli inauliza, inajibiwa, inapakia draiva.

Ndani ya chipu kama RK3588 hakuna wa kujibu. Kidhibiti cha HDMI ni anwani fulani tu ya kumbukumbu. Kinahitaji saa yake iwashwe, umeme wake upitie regulata fulani, na pini fulani za chipu zigeuzwe ziwe za HDMI badala ya kazi nyingine. Kerneli haiwezi kupapasa ili igundue, kwa sababu kusoma anwani ya kifaa ambacho hakijapewa saa au umeme kunaweza kuigandisha mashine nzima. Lazima iambiwe kabla. Zamani kila bodi iliandikiwa faili lake la C ndani ya kerneli, hadi Linus Torvalds mwaka 2011 akalalamika hadharani kuhusu fujo ya msimbo wa ARM. Hapo ndipo mti wa vifaa uliposhika kasi kwenye ARM, na kufikia kerneli 3.7 (Desemba 2012) ikawezekana kerneli moja ya ARM kuendesha familia kadhaa za chipu.

Mti wenyewe ni maandishi ya kawaida. Faili la chipu linaeleza vifaa vyote vilivyomo, vingi vikiwa vimezimwa. Faili la bodi linawasha vile ambavyo bodi hiyo imevichomelea soketi:

```
&hdmi0 {
        status = "okay";
};
```

Mistari hiyo mitatu ikikosekana, HDMI hamna, hata kama draiva ipo na soketi ipo. Na mistari ikiwepo bila draiva, HDMI hamna vilevile. Vyote viwili vinatakiwa, na vilingane.

Sasa kesi yako ya Debian 13. Draiva ya kutoa picha kwa HDMI ya RK3588 iliingia kwenye kerneli kuu (ile rasmi ya kernel.org) toleo la 6.13. Debian 13 imesimama kwenye 6.12 na haitahama kwa maisha yote ya toleo hilo, ndiyo desturi yao. Kwa hiyo bodi yako haijaharibika na hujakosea mpangilio. Kerneli hiyo haikuwahi kujua kutoa picha kwa HDMI ya chipu hiyo, isipokuwa mtu awe ameirudisha nyuma kwa kiraka (marekebisho ya msimbo). Armbian edge inafuata kerneli mpya na kuongeza viraka juu yake, ndiyo maana skrini inawaka.

Hakikisha mwenyewe badala ya kuniamini:

```
uname -r
cat /proc/device-tree/model
grep -E 'DW_HDMI_QP|SAMSUNG_HDPTX|PANTHOR' /boot/config-$(uname -r)
```

Mstari ukiisha kwa `=y` draiva imo ndani ya kerneli, `=m` ni moduli, `is not set` wameiacha. Jina lisipotokea kabisa, mara nyingi kerneli hiyo ni ya zamani kuliko draiva. Hilo la `is not set` watu hulipuuza sana: distro mbili zinaweza kuwa na kerneli yenye namba moja kabisa, moja imewasha draiva na nyingine haikuiwasha, kwa sababu tu aliyetengeneza mpangilio hakuwa na bodi ya aina hiyo akilini.

Dawa kwa Debian 13 ni kerneli ya backports (hazina ya Debian yenye pakiti mpya zaidi). Ongeza trixie-backports kwenye vyanzo vya apt, kisha:

```
sudo apt update
sudo apt install -t trixie-backports linux-image-arm64
```

Kabla hujawasha upya, angalia mti unaopakiwa ni wa kerneli ipi. Debian inaweka mafaili ya .dtb ndani ya `/usr/lib/linux-image-<toleo>/rockchip/`. Kama `/boot/extlinux/extlinux.conf` yako ina mstari wa `fdt` ulioandikwa kwa mkono ukielekeza faili la 6.12, utawasha kerneli mpya na mti wa zamani, skrini itabaki nyeusi, na utasema backports haifai.

Na sasa kuhusu kunakili. Moduli ya 5.10.110 haipakiki kwenye kerneli nyingine. Linux haina mkataba wa kudumu kati ya kerneli na moduli zake, na toleo lisipolingana utapata `Invalid module format`. Linganisha `modinfo -F vermagic` ya moduli na `uname -r` yako uone. Mti wa vifaa ndio mtego zaidi, maana unapakiwa bila kelele halafu mambo yanakuwa nusu nusu. Chukua GPU (kichakata picha). Kwenye kerneli ya mtengenezaji imeandikwa `arm,mali-bifrost`, kwenye kerneli kuu imeandikwa `rockchip,rk3588-mali` na `arm,mali-valhall-csf`. Draiva inajitambulisha kwa maneno hayo hayo, herufi kwa herufi. Ukiipa kerneli kuu mti wa mtengenezaji, draiva ya GPU hii, panthor, inasubiri jina ambalo halimo, na wala haitaandika kosa. Itanyamaza tu.

nyaya_tatu

Nakubaliana na hapo juu, ila kwenye butiloda mmepita haraka na ndiko watu wengi wanakopotelea.

BootROM ya Rockchip imechongwa ndani ya chipu, haibadiliki. Kwa kawaida inatafuta butiloda kwenye SPI (chipu ndogo ya flashi) kwanza, halafu eMMC (hifadhi ya bodi yenyewe), halafu kadi ya SD. Kama bodi ina eMMC au SPI yenye U-Boot ya zamani ya mtengenezaji, unaweza kuchoma imeji mpya kwenye kadi kila siku na bado inayokimbia mwanzo ni U-Boot ile ya zamani. Inaisoma kadi yako, inapakia kerneli yako, lakini maandalizi ya RAM na TF-A (programu inayotangulia kerneli kwenye ARM) ni ya miaka ile. Mtu anasema "distro hii inaganda baada ya kuwaka", kumbe distro haijahusika.

Mahali pa kuandikia pia panatofautiana chipu kwa chipu. Rockchip inasoma kutoka sekta ya 64, yaani KiB 32 tangu mwanzo wa kadi:

```
sudo dd if=u-boot-rockchip.bin of=/dev/sdX bs=32k seek=1 conv=notrunc,fsync
```

Acha MiB 16 za mwanzo wazi, patisheni ya kwanza ianzie sekta ya 32768. Allwinner inasoma kutoka KiB 8, na hapo kuna mgongano: jedwali la patisheni la GPT linachukua sekta 34 za mwanzo, KiB 8 ni sekta ya 16, basi butiloda inaangukia katikati ya jedwali. Ndiyo sababu imeji nyingi za Allwinner zinatumia MBR, jedwali la zamani zaidi. Chipu zao za baadaye, kuanzia H3, zinatafuta pia KiB 128, na hapo GPT haigusi.

Kingine ni distro zinazowasha kwa njia ya EFI, kama Fedora na openSUSE. U-Boot inajifanya UEFI, inapakia GRUB (butiloda nyingine), GRUB inapakia kerneli. Kwa njia hiyo mti wa vifaa kwa kawaida ni ule unaotolewa na U-Boot, sio uliokuja na kerneli. Ukisasisha kerneli bila kusasisha U-Boot, draiva mpya inaingia na mti unabaki wa zamani. Tangu 2024 U-Boot imeanza kuchukua miti moja kwa moja kutoka kerneli kuu, kwa hiyo toleo jipya la U-Boot linapunguza pengo hilo, lakini halijisasishi lenyewe kwenye SPI.

Kuona ni mti upi umepakiwa kweli, usikisie:

```
sudo apt install device-tree-compiler
dtc -I fs -O dts /proc/device-tree > uliopakiwa.dts
```

Fungua faili hilo, tafuta `hdmi`, soma `status` yake.

Na nunua adapta ya siriali. Skrini nyeusi bila konsoli ya siriali ni kubahatisha. Nyaya tatu tu: GND kwa GND, TX kwa RX, RX kwa TX. Waya wa umeme usiunganishe, na adapta iwe ya volti 3.3, si 5. Rockchip inaongea kwa biti 1500000 kwa sekunde, ambayo ni kasi kubwa: adapta za CP2102 za kwanza hazifiki huko, utaona takataka kwenye terminali na kudhani bodi imekufa. FT232R au CH340 zinafika. Ukihama kutoka kerneli ya mtengenezaji, badilisha pia jina la konsoli kwenye mstari wa amri za kerneli: wao hutumia `console=ttyFIQ0`, kerneli kuu inataka `console=ttyS2,1500000n8`. Ukiliacha lile la kwanza utaona U-Boot ikiongea vizuri, halafu kimya.

mtambo_mdogo

Asanteni sana. Debian 13 sasa iko kwenye kerneli ya backports na HDMI imewaka. Kweli mstari wa `fdt` ulikuwa unaelekeza faili la zamani.

Wi-Fi bado, na iko vilevile kwenye Armbian na Debian. Logi inasema hivi:

```
brcmfmac mmc2:0001:1: Direct firmware load for brcm/brcmfmac43455-sdio.txt failed with error -2
```

Kuna pakiti ya draiva nimeikosa?

femwea_kwanza

Draiva unayo, ndiyo hiyo inayolalamika. Kosa -2 maana yake faili halipo. Zijue namba tatu: -2 faili halipo, -110 kifaa hakijajibu kwa wakati (mara nyingi umeme au saa), -517 draiva inasubiri kifaa kingine kiwe tayari kwanza. Zile za -517 zinazobaki zikisubiri milele utaziona hapa:

```
sudo cat /sys/kernel/debug/devices_deferred
```

Chipu ya Wi-Fi ni kompyuta ndogo isiyo na hifadhi yake. Kila ikiwashwa, kerneli inaipelekea femwea kutoka `/lib/firmware`. Kwa chipu yako, 43455, yanatakiwa mafaili mawili hadi matatu: `.bin` ambayo ndiyo femwea yenyewe, `.clm_blob` yenye kanuni za nguvu na chaneli za kila nchi, na `.txt` ambayo ni vipimo vya bodi: masafa ya kristali, nguvu ya kila antena, na kadhalika. Mafaili mawili ya kwanza ni ya chipu, yanafaa bodi yoyote. Hili la tatu ni la bodi, na mara nyingi wenye bodi hawakulipeleka kwenye linux-firmware (hazina ya pamoja ya femwea). Kila distro inachukua kutoka linux-firmware, basi isipokuwa mtu wa distro aliongeze kwa mkono, halipo.

Imeji ya mtengenezaji inalo, kwa jina lingine, kwa sababu inatumia draiva nyingine kabisa, `bcmdhd`. Vipimo vya ndani ni vilevile. Hapa kunakili kunaruhusiwa, hii ni data tu:

```
sudo mount -o ro /dev/sdX2 /mnt
sudo find /mnt \( -iname '*nvram*' -o -iname '*43455*' \)
sudo cp /mnt/<njia>/nvram_ap6255.txt /lib/firmware/brcm/brcmfmac43455-sdio.txt
sudo modprobe -r brcmfmac_wcc brcmfmac
sudo modprobe brcmfmac
```

Jina la faili la nvram (hilo la vipimo) litafuata moduli iliyochomelewa kwenye bodi yako, soma maandishi juu ya kibati chake. AP6255 ni 43455, lakini AP6256 ni 43456, na vipimo vyake usivichanganye. Faili la bodi nyingine litakupa Wi-Fi inayoonekana ila inashika umbali wa mita mbili, au inakatika ovyo kwenye 5 GHz, kwa kuwa nguvu na antena vimeandikwa vya mahali pengine. Hiyo ni mbaya kuliko kukosa kabisa, maana utahangaika na ruta bure.

Kama unataka faili lisigongane na bodi nyingine kwenye imeji hiyo hiyo, draiva hutafuta kwanza jina lenye utambulisho wa bodi, kwa mfano `brcmfmac43455-sdio.raspberrypi,4-model-b.txt`. Utambulisho wa kwako:

```
tr '\0' '\n' < /proc/device-tree/compatible | head -1
```

Siasa za distro nazo zimo hapa. Debian kabla ya toleo la 12 (Juni 2023) haikuweka femwea zisizo huru kwenye visakinishi rasmi. Tangu 12 ziko kwenye sehemu ya `non-free-firmware`. Distro zinazofuata uhuru kamili wa programu hazitaziweka kamwe. Kerneli ileile, Wi-Fi huku ipo kule haipo.

tawi_la_mtengenezaji

Mimi nitasema kinyume kidogo. Kama kazi yako ni kuonyesha video, achana na kerneli kuu kwa sasa, chukua Armbian tawi la vendor (pakiti `linux-image-vendor-rk35xx`, kerneli 6.1). Inabeba msimbo wa Rockchip wenyewe, na video ya 4K inaenda siku ya kwanza.

Sababu ya video kubagua distro iko upande wa programu, sio kerneli peke yake. Kuna njia mbili zisizoelewana. Njia ya Rockchip inapita `/dev/mpp_service` na maktaba yao ya MPP, hivyo inataka ffmpeg iliyojengwa na MPP. Njia ya kerneli kuu inapita V4L2 (mfumo wa video wa Linux), ya aina ambayo programu ndiyo inayochambua kila fremu na kuipa chipu maelekezo. GStreamer ina plagi yake rasmi, `v4l2codecs`. FFmpeg imekuwa ikihitaji viraka vya ziada, na hapo ndipo distro zinapoachana: LibreELEC (distro ya kuchezea video) wanavibeba, distro za jumla kwa kawaida hawabebi. Juu ya hayo, draiva za kufungua H.264 na HEVC za chipu hii zilikuwa kati ya zilizochelewa sana kuingia kerneli kuu.

Kujua uko upande gani:

```
ls -l /dev/mpp_service /dev/rga /dev/mali0
v4l2-ctl --list-devices
gst-inspect-1.0 v4l2codecs
```

Ukiona zile za mstari wa kwanza, uko kwenye kerneli ya Rockchip. GStreamer ikikuorodheshea `v4l2slh264dec`, njia ya kerneli kuu ipo. Zote zikiwa tupu, CPU ndiyo inayofanya kazi yote.

GPU nayo ina sharti la vitu vitatu kwa mpigo. Mali-G610 (GPU ya RK3588) kwa kerneli kuu inataka draiva ya panthor (iliingia 6.10), Mesa (maktaba za kuchora picha) 24.1 au zaidi, na femwea `/lib/firmware/arm/mali/arch10.8/mali_csffw.bin`. Kikikosekana kimoja, desktop inaangukia llvmpipe, yaani CPU inachora. Weka `mesa-utils`, kisha `glxinfo -B | grep -i renderer`. Debian 12 ina Mesa 22.3, hata uipe kerneli mpya kiasi gani haitafika popote bila Mesa mpya. Bodi zenye Mali za zamani zaidi zina nafuu, draiva zake lima na panfrost ziko ndani tangu 5.2.

kiraka_na_uzi

Mkuu hapo juu yuko sahihi kwenye video, ila gharama isemwe. Kerneli ya mtengenezaji mara nyingi inabaki ilipoachwa. 5.10.110 ya mtoa mada ni mfano mzuri: tawi la 5.10 la kernel.org lilipita 5.10.200 tangu 2023. Kati ya namba hizo kuna marekebisho ya usalama chungu nzima. Bodi inayocheza video nyuma ya ruta sina shida nayo. Bodi iliyofunguliwa kwa intaneti kama seva, kerneli hiyo singeiweka.

Na ukibaki huko, izuie apt isikubadilishie kerneli nusu nusu. Image na dtb ni pakiti mbili, zizuie pamoja:

```
sudo apt-mark hold linux-image-vendor-rk35xx linux-dtb-vendor-rk35xx
```

swali_dogo

Nimefuatilia kimya kimya. Sasa mbona Raspberry Pi haina vurugu hizi? Na seva za ARM?

nyaya_tatu

Pi inazo, ila kuna kampuni moja inayoilipia kazi. Wana nakala yao ya kerneli yenye viraka ambavyo havijaingia kwenye kerneli kuu, na Raspberry Pi OS inatumia hiyo. Ubuntu nayo ina kerneli maalumu, `linux-raspi`. Distro inayosimama kwenye kerneli kuu pekee inapata tu kilichokwisha kuingia huko. Pi 5 ilitoka Oktoba 2023, Debian 12 ilitoka Juni mwaka huo na kerneli 6.1. Kerneli haiwezi kujua chipu iliyotoka baada yake. Isitoshe, Pi 5 imepeleka USB, Ethernet na GPIO kwenye chipu nyingine, RP1, iliyo nyuma ya PCIe. Bila draiva ya RP1 unabaki na bodi inayowaka lakini haina pa kuchomeka chochote.

Pi 5 ina mtego mwingine usiohusu draiva. Raspberry Pi OS huiwasha kwa `kernel_2712.img`, yenye kurasa za kumbukumbu za KiB 16, wakati distro nyingi za arm64 zina KiB 4. Programu zilizojengwa na jemalloc (maktaba ya kugawa kumbukumbu) ya KiB 4 zinakufa papo hapo na ujumbe `Unsupported system page size`. Angalia kwa `getconf PAGESIZE`. Ikisema 16384 na programu yako haitaki, andika kwenye `/boot/firmware/config.txt`:

```
kernel=kernel8.img
```

Washa upya, utapata 4096. Asahi Linux kwenye Mac za M1 na M2 nao wanatumia KiB 16, na hao hawana njia rahisi ya kurudi.

Kwa Pi za kwanza kabisa na Pi Zero ya awali, tatizo ni CPU: ni ARMv6. Debian armhf imejengwa kwa ARMv7, kwa hiyo unapata `Illegal instruction`. Raspberry Pi OS ya biti 32 imejengwa upya yote kwa ARMv6, ndiyo maana inaenda.

Seva ni dunia nyingine. Zinazofuata viwango vya Arm SystemReady vya seva zina UEFI halisi na ACPI, na vifaa viko kwenye PCIe. Pale unachukua kisakinishi cha arm64 cha distro yoyote na kinaingia kama kwenye Intel. Ila usidanganywe na laptop za Snapdragon: zina UEFI na zina ACPI, lakini ACPI hiyo imeandikwa kwa ajili ya Windows, hivyo Linux inarudi kwenye mti wa vifaa uliotengenezwa kwa kila modeli, na baadhi ya femwea inabidi zichotwe kwenye patisheni ya Windows. Ubuntu wana amri ya kazi hiyo, `qcom-firmware-extract`. Anayefuta Windows kabla ya kuichota anajitafutia kazi.

mtambo_mdogo

Wi-Fi imeshika, faili lilikuwa ndani ya imeji ya mtengenezaji kama mlivyosema. La mwisho: mtu anayetaka kununua bodi, ajuaje mapema distro gani itaifaa?

kiraka_na_uzi

Usianze na ukurasa wa distro. Fungua msimbo wa kerneli kuu, ingia `arch/arm64/boot/dts/`, kisha folda ya mtengenezaji wa chipu, utafute faili lenye jina la bodi. Lisipokuwepo, utategemea imeji ya mtengenezaji au Armbian. Likiwepo, lifungue usome limewasha nini: `hdmi0`, `gpu`, `pcie`, `sdio`, sauti. Kisichowashwa humo hakitafanya kazi kwenye distro inayotumia kerneli kuu bila viraka. Angalia pia kwenye historia ya faili lile liliingia toleo gani, ulinganishe na kerneli ya distro unayoitaka. Bodi ambayo faili lake liliingia 6.10 usiipeleke Debian 12 bila backports. Halafu nenda kwenye msimbo wa U-Boot, folda ya `configs/`, utafute `defconfig` (faili la mpangilio) ya bodi hiyo hiyo. Faili la kwanza likiwepo na la pili likikosekana, kerneli unayo lakini hakuna wa kuiwasha, na utaishia kuazima U-Boot ya bodi jirani, kazi ambayo inakubali pale tu RAM ni ya aina moja.